Ukumbi wa maonyesho wa shule: tuanze na nini kabla ya kununua mitambo?

Mwalimu wa Tamthilia

Wanajamvi, salaam.

Nafundisha fasihi na sanaa za maonyesho katika shule ya sekondari ambayo, baada ya miaka mingi ya kuomba, imepata fedha za kujenga ukumbi wa maonyesho. Mpaka sasa tumekuwa tukiigiza katika bwalo la chakula, meza zikiunganishwa kuwa jukwaa na mashuka yakifanywa mapazia, kwa hiyo mtaielewa furaha yangu. Mtaielewa pia hofu yangu, kwa sababu ukumbi ukishajengwa vibaya haubomolewi. Watu huuzoea tu na kuendelea kuulalamikia.

Mchoro wa awali nilioonyeshwa una upana wa mita 16 na urefu wa mita 30. Mita 5 za mwisho ni jukwaa lililoinuliwa mita 1.2, dari iko mita 6 kutoka sakafuni, kuta ni za plasta na sakafu ni bapa, ya vigae. Viti ni 350 vya plastiki, vinavyoondolewa ili mitihani na mikutano ya shule ifanyike humo humo. Muuzaji wa mitambo naye ameleta orodha yake: taa 16 zenye vichwa vinavyozunguka, skrini ya LED inayojaza ukuta wote wa nyuma ya jukwaa, mashine ya moshi, spika 8 za kutundikwa kwenye kuta za pembeni, na maikrofoni 20 zisizo na waya. Orodha hiyo peke yake inakula karibu nusu ya fedha zote.

Maswali yangu ni mawili. Je, mchoro huu unafaa kwa tamthilia, au ni bwalo jingine lenye jina zuri? Na je, katika orodha ya muuzaji, kipi ni cha lazima na kipi kinaweza kusubiri?

Msanifu wa Kumbi

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuweka saini. Nimesanifu kumbi kadhaa za shule, na nimeitwa kurekebisha nyingi zaidi ya nilizosanifu. Zile za kurekebishwa karibu zote zilianza na mchoro kama wako. Nitasema juu ya chumba chenyewe tu, mitambo nawaachia wenyewe.

Nianze na sauti, kwa kuwa ndiyo isiyonunulika baadaye. Mnamo 1895 Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa kazi ya kutibu ukumbi mpya wa mihadhara ambamo sauti ilielea kwa takriban sekunde 5.5 kabla ya kupotea, hata mhadhiri akawa anashindana na maneno yake mwenyewe. Alifanya vipimo usiku, kukiwa kimya, kwa filimbi ya kinanda na saa ya kuhesabia sekunde, akiingiza na kutoa mito ya viti aliyoiazima kwenye ukumbi wa jirani. Kutokana na mito hiyo tulipata kanuni tunayoanzia mpaka leo: muda wa mvumo, yaani sekunde ambazo sauti huchukua kufifia kwa desibeli 60, ni 0.161 mara ujazo wa chumba, kisha ugawe kwa jumla ya ufyonzaji wa vyote vilivyomo, unaohesabiwa kwa mita za mraba.

Sasa tukipime chumba chako. Sehemu ya watazamaji ni mita 16 kwa 25 kwa 6, sawa na mita za ujazo 2,400. Watu 350, nikikadiria kila mmoja anafyonza kiasi cha 0.45 ya mita ya mraba, wanakupa kama 158. Plasta na vigae havifyonzi karibu chochote, tuviwekee 27. Jumla ni 185, na mvumo unakuwa sekunde 2.1 ukumbi ukiwa umejaa. Siku za mazoezi, viti vya plastiki vikiwa vitupu, utakuwa mara kadhaa ya hapo. Kwaya inaweza kuufurahia mvumo wa sekunde 2, lakini mazungumzo ya jukwaani yanahitaji sekunde 1 hivi. Katika lugha yetu jambo hili si dogo: mwigizaji akisema "hatakuja" na ile "h" ikamezwa na irabu iliyotangulia, safu za nyuma zitasikia "atakuja", na kisa chote kitakuwa kimegeuka.

Ili ufikie sekunde 1 unahitaji ufyonzaji wa 386, yaani umepungukiwa na 201. Paneli za pamba ya kioo zenye unene wa sentimita 5, zilizofunikwa kitambaa, hufyonza takriban asilimia 85 ya sauti ya usemi inayozigonga, kwa hiyo utahitaji mita za mraba zipatazo 235. Anza na ukuta wote wa nyuma, kwani huo ndio unaorudisha sauti jukwaani kama mwangwi, kisha sehemu za juu za kuta za pembeni. Dari iliyo juu ya safu za mbele usiiguse. Iache iwe ngumu, kwa sababu ndiyo inayoibeba sauti ya mtoto asiye na maikrofoni na kuipeleka nyuma. Viti navyo viwe vya kitambaa chenye sponji, ili ukumbi mtupu usitofautiane sana na ukumbi uliojaa.

La pili ni macho. Zaidi ya mita 20 kutoka jukwaani mtazamaji haoni tena uso, anaona mwili tu, na safu zako za mwisho ziko mita 25. Tena sakafu ni bapa, maana yake kuanzia safu ya tatu watu watatazama visogo. Mstari wa macho wa kila mtu unapaswa kupita kama milimita 120 juu ya mstari wa macho wa aliye mbele yake; viti vikipishanishwa, ili kila mtu achungulie katikati ya mabega ya wawili, 60 zinaweza kutosha. Kwa kuwa mnahitaji sakafu tupu ya mitihani, fikirieni viti vya ngazi vinavyosukumwa ukutani vikajikunja kama droo.

Pendekezo langu hasa, ambalo najua litawashtua wengine, ni kuugeuza ukumbi. Jukwaa liwekwe katikati ya ukuta mrefu, lijitokeze kidogo mbele, na watazamaji walizunguke pande tatu. Jengo ni lile lile, lakini mtazamaji wa mwisho atakuwa mita 13 hivi kutoka kwa mwigizaji badala ya 25.

Fundi Taa

Naunga mkono aliyosema Msanifu, nami niongeze ya juu ya vichwa vyetu.

Orodha uliyoletewa ni ya tamasha la muziki. Katika tamthilia kazi ya kwanza ya taa ni kuuonyesha uso, na taa zenye vichwa vinavyozunguka haziifanyi kazi hiyo vizuri kuliko taa ya kawaida iliyotundikwa mahali pake. Tena zina feni, na feni 16 zikinguruma wakati mhusika anakata roho kimyakimya utazisikia kuliko utakavyomsikia yeye. Kwa jukwaa lenu ningeanza na taa 12 za LED za kulenga, zile ambazo ukingo wa mwanga wake hukatwa kwa vibati, na nyingine 12 za kutandaza rangi. Zinatumia umeme kidogo, hazichomi vidole vya wanafunzi, na zinawatosha kwa miaka ya mwanzo.

Kubwa kuliko taa zenyewe ni mabomba ya kuzitundikia. Stanley McCandless, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, aliandika mwaka 1932 njia ambayo wengi wetu tungali tunaifuata: kila eneo la jukwaa lipate taa mbili kutoka mbele, moja kulia na moja kushoto, zikishuka kwa nyuzi 45 hivi, moja yenye rangi ya joto na nyingine ya baridi, ndipo uso upate umbo. Chukua jukwaa lenye kimo cha mita 0.9. Uso wa aliyesimama juu yake uko mita 2.5 kutoka sakafu ya ukumbi. Bomba likiwa mita 5.5, taa iko mita 3 juu ya uso, basi ili upate nyuzi 45 bomba linapaswa kuwa mita 3 tu mbele ya mwigizaji. Niliwahi kuitwa katika ukumbi ambao taa zote za mbele zilifungwa kwenye ukuta wa nyuma, mita 20 kutoka jukwaani. Hesabu inatoa nyuzi zisizofika 9. Kila mtu alikuwa na uso bapa kama picha ya kitambulisho, na kila mwigizaji alikuwa na kivuli kirefu kilichoigiza pamoja naye kwenye mandhari. Hakuna taa ya bei yoyote ingeliponya lile kosa.

Kwa hiyo omba mabomba ya chuma yenye kipenyo cha milimita 48, kwa kuwa vibanio vya taa vimetengenezwa kwa kipimo hicho, yapangwe mistari miwili mbele ya jukwaa na mitatu juu yake, na mhandisi aandike uzito ambao kila bomba linabeba. Kama fedha zinaruhusu, yawe ya kushushwa kwa winchi mpaka kimo cha kiuno, wanafunzi wafunge taa miguu yao ikiwa chini. Kila taa iwe na vishikio viwili: kibanio chake, na waya wa usalama unaozunguka bomba. Hili halina mjadala.

Neno moja juu ya nyaya. Taa hupokea amri kwa itifaki ya DMX512, ambayo imekuwapo tangu 1986 na hubeba chaneli 512 katika mstari mmoja. Inataka kebo yake maalumu, vifaa visivyozidi 32 katika mnyororo mmoja, na kizuizi cha omu 120 mwishoni. Katika shule moja mtu aliunganisha taa kwa kebo za maikrofoni zilizokuwa karibu. Mazoezi yalipita salama. Usiku wa onyesho, mfalme alipoketi tu kwenye kiti cha enzi, taa zote zilianza kupepesa kama za gari la wagonjwa, na watazamaji wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Mama Maleba

Nimeongoza maonyesho ya wanafunzi kwa miaka mingi na nimewavika maleba wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu. Msanifu na Fundi Taa wamesema kweli tupu, lakini wote wawili wanautazama ukumbi kutoka upande wa watazamaji. Mimi huutazama kutoka nyuma ya pazia, na kwenye mchoro huo nyuma ya pazia hakupo.

Jukwaa lenye kina cha mita 5, ukitoa nafasi ya mapazia na mandhari, linakuachia mita 3 za kuigizia. Pembeni je? Waigizaji 40 wanaosubiri kuingia watasimama wapi? Katika shule niliyofundisha hapo awali hapakuwa na njia ya kupita nyuma ya jukwaa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo aliyetoka upande mmoja na kutakiwa kuingia kwa upande mwingine alilazimika kutoka nje na kulizunguka jengo. Jioni moja ya mvua, mwana wa mfalme aliingia kwenye harusi yake akiwa ameloa chapachapa, joho limemganda mwilini na tope limemfika magotini. Naomba njia hiyo iwekwe kwenye mchoro: mita moja u nusu nyuma ya pazia la mwisho inatosha.

Kisha kuna mlango wa kuingizia mandhari. Tuliwahi kutengeneza mashua nzuri ya mbao, wanafunzi wameipaka rangi kwa wiki tatu, tukagundua mchana wa onyesho kwamba mlango wa jukwaa una sentimita 90. Tuliikata kwa msumeno katikati, mbele ya macho ya walioitengeneza. Wekeni mlango wa upana usiopungua mita 2.4, usawa wa ardhi, karibu na karakana.

Vyumba viwili vya kubadilishia nguo vyenye vioo, mabomba ya maji na choo ambacho hakifikiwi kwa kupita mbele ya watazamaji. Stoo ya maleba yenye hewa ili nguo zisiote ukungu. Taa hafifu za buluu pembeni mwa jukwaa ili watu waone wanapokanyaga bila mwanga kuvuja. Sakafu ya jukwaa iwe ya mbao iliyoinuliwa juu ya vipande vya mpira, si saruji iliyobandikwa mbao, maana wanaocheza ngoma juu ya saruji huumia magoti. Juu yake pigilieni mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ambazo zitachakaa na kubadilishwa.

Kuhusu kuugeuza ukumbi, sikubaliani na ndugu yangu Msanifu moja kwa moja. Wanafunzi wanaoanza hupotea wakitazamwa kutoka pande tatu. Hawajui wampe nani mgongo. Na pande za jukwaa zikiwa wazi, mwalimu wa kunong'oneza waliosahau maneno atajificha wapi?

Mwalimu wa Tamthilia

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu haya nikiwa na penseli, na nimeufuta mchoro mara mbili.

Niongeze mambo matatu. Mkuu wa shule anaipenda ile skrini kwa sababu ya mikutano. Tuna mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, naye ndiye mwenye sauti bora katika darasa langu. Na hakuna aliyegusia spika 8 na maikrofoni 20.

Mpiga Miksa

La sauti nalichukua mimi. Mkifuata ushauri wa Msanifu, mtazamaji akawa mita 13 kutoka jukwaani na mvumo ukawa sekunde 1, tamthilia haihitaji maikrofoni kabisa. Zinahitajika kwenye nyimbo, pale ala zinapoifunika sauti ya mtu. Nane zinatosha, na kabla ya kuzinunua hakikisheni kwamba masafa yake yanaruhusiwa kwenu. Maikrofoni 20 ni betri 20 au 40 kila onyesho, na siku zote kuna moja iliyosahauliwa kuzimwa, ikatangaza mazungumzo ya chooni.

Spika 8 za kutawanywa ukutani ni kosa la kawaida. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Aliyekaa nyuma atausikia kwanza ukuta ulio karibu naye, kisha, baada ya milisekunde 44 kama jukwaa liko mita 15 mbele, atamsikia mwimbaji mwenyewe. Sikio litaamini kwamba mwimbaji yuko ukutani. Wekeni mbili nzuri mbele, juu ya ukingo wa jukwaa. Ukumbi ukibaki mrefu, ongezeni mbili za katikati ambazo sauti yake inacheleweshwa na miksa ya kidijitali, yaani mashine ya kuchanganyia sauti.

Miksa yenyewe ikae ndani ya ukumbi, kati ya watazamaji, isifungiwe kwenye kibanda chenye kioo. Anayechanganya sauti asiyoisikia ni sawa na mpishi asiyeonja. Kebo za sauti zipite kwenye mabomba yake, mbali na za umeme wa taa, na mkandarasi aweke mabomba matupu ya ziada sasa, kuta zikiwa wazi. Kwa wenye usikivu hafifu, tandazeni chini ya sakafu waya wa kupeleka sauti moja kwa moja kwenye vifaa vyao vya masikio. Baada ya sakafu kufungwa ni shughuli nyingine.

Msanifu wa Kumbi

Juu ya skrini: ukuta unaowaka nyuma ya mwigizaji humfanya yeye kuwa kivuli, na Fundi Taa atalazimika kuongeza mwanga wa mbele mpaka rangi zote zipauke. Kwa mikutano, projekta na kitambaa cha kushuka vinatosha. Mwambieni mkuu kwamba mtaacha umeme na vishikio tayari ukutani. Warithi wake wakija kuitaka tena baada ya miaka mitano, itakuwa bora na nafuu zaidi.

Juu ya mwanafunzi wako, habari ni nzuri ila inadai nafasi. Mteremko wa 1 kwa 12 kulifikia jukwaa la mita 1.2 ni mita 14.4, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Jukwaa likishushwa hadi 0.6, ambacho ni kimo cha kutosha kabisa viti vikiwa vya ngazi, mteremko unakuwa mita 7.2 na unaenea nyuma ya jukwaa. Kiti chake kiweze kufika pia kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kwenye meza ya taa, siyo jukwaani tu.

Na hili hukuuliza. Tarehe 30 Desemba 1903 jumba la Iroquois mjini Chicago, lililokuwa limetangazwa kuwa haliwezi kuungua na lilikuwa na wiki tano tu tangu lifunguliwe, lilishika moto wakati wa onyesho la mchana lililojaa watoto. Cheche za taa ziliruka kwenye pazia, pazia la kuzuia moto lilikwama likishuka, na milango mingi ilikuwa imefungwa au ina komeo ambazo watu hawakuzijua. Walikufa watu 602. Kila kitambaa cha jukwaani kitiwe dawa ya kuzuia moto na kipewe cheti. Milango ya dharura iwe mbalimbali, ifunguke kwa nje, na isukumike kwa kifua bila kutafuta kitasa. Minyororo na kufuli nimeziona kwenye milango ya kumbi za shule, eti kuzuia watoro.

Mama Maleba ana haki kuhusu pande za jukwaa. Nashauri jambo rahisi: nendeni uwanjani, mkichore chumba kwa chokaa kwa vipimo vyake halisi, kwanza mrefu, kisha uliogeuzwa, na waigizaji wacheze onyesho moja humo.

Mwalimu wa Tamthilia

Tumefanya hivyo Jumamosi, kwa chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira na viti 60 tulivyovisogeza kila mahali palipohitajika.

Katika chumba kirefu, waliokaa mita 25 waliniambia walielewa kisa kwa sababu walikijua. Katika chumba kilichogeuzwa walicheka mahali pa kucheka. Wanafunzi walihangaika na migongo kwa robo saa hivi, kisha wakaanza kutembea badala ya kusimama kama nguzo. Lakini Mama Maleba naye alishinda: tulipowapanga waimbaji 40 na wapiga ngoma wawili upande wa kulia, wapiga ngoma walijikuta nje ya chokaa. Tumemwomba msanifu wetu asogeze ukuta huo mita 1.5, hata kama itabidi tupoteze viti 20, na atie njia ya nyuma ya pazia. Jukwaa ni mita 0.6. Skrini imeondolewa; mashine ya moshi imebaki, kwa kuwa mkuu wa shule alihitaji kushinda kitu kimoja.

Mchoro mpya ukitoka nitauleta hapa. Fundi Taa, naomba utuangalizie mistari ya mabomba kabla hatujaupeleka kwa mhandisi.

Fundi Taa

Ulete na sehemu ya mkato inayoonyesha kimo, siyo ramani ya juu peke yake. Nyuzi 45 hazionekani kwenye ramani ya juu.